Vipele vya Mlimau wa Msikitini

Katika kitabu cha kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Makambako ipo aya moja, niliyoiandika kwa mkono wangu, ambayo ningependa isingekuwapo. Siwezi kuifuta. Katibu hafuti kilichokwisha kuandikwa. Husubiri kikao kinachofuata akaandika marekebisho, na maneno ya awali hubaki yalipo, yasomwe na kila atakayekishika kitabu baada yake. Aya yenyewe haizidi mistari mitatu: kwamba wajumbe wameeleza wasiwasi kuhusu hali ya mlimau ulio uani "na jirani anayehusika nao", na kwamba imeafikiwa mti ukatwe ikibidi.

Asiyejua yaliyosemwa siku ile ataisoma asione kitu. Ndiyo maana nayaeleza hapa, kwa idhini ya mwenyewe aliyekusudiwa.

Mlimau huo uko hatua chache kutoka mahali pa kutawadhia. Aliupanda bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa muadhini wa msikiti huu enzi za kuta za matofali mabichi. Majani yake ndiyo tunayotia katika chai ya futari, na malimau yake hugawiwa nyumba hadi nyumba kikohozi kinapoingia mwezi wa Juni, baridi ya huku ikishika kasi. Mvua za msimu uliopita zilipoanza, majani machanga yalitoka yamejaa vipele: vinundu vidogo vilivyojitokeza upande wa juu, kimoja kando ya kingine, na jani zima limekunjamana na kupauka. Hazikupita wiki mbili mtoto wa mhudumu wa msikiti akatokwa na vipele mwili mzima. Na mwezi huohuo mhudumu na bibi walikuwa wamerushiana maneno kwa sababu ya bomba la maji.

Mambo matatu, basi, na watu wakayafunga kwa kamba moja.

Kikaoni hakuna aliyetamka neno uchawi. Neno hilo halitamkwi msikitini. Husemwa "mambo yetu haya", husemwa "wenyewe mnaelewa", kisha mtu hutupa jicho dirishani kuelekea nyumba fulani. Mjumbe mmoja alishauri bibi aombwe kwa adabu asali nyumbani kwake mpaka mambo yatulie. Nchini mwetu vikongwe wamepoteza maisha kwa maneno mepesi kuliko hayo, na kila aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ule alilijua jambo hilo. Mimi niliyesoma chuo cha Kiislamu, niliyefanyia mtihani tafsiri ya Sura ya Al-Hujurat na ninayeisoma kwa ghibu aya yake ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, nilinyamaza. Nikajiambia kuwa kazi yangu ni kuandika, si kubishana na wazee. Nikatafuta maneno laini. Nikaandika "wasiwasi", nikaandika "jirani anayehusika". Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri mno.

Aliyeniamsha ni mke wangu. Usiku ule nilimsimulia yaliyopita, naye alinisikiliza hadi mwisho akiwa anakunja nguo za watoto, kisha akauliza swali moja tu: "Baba watoto, katika nyinyi nyote, nani aliyeligeuza hilo jani akatazama chini yake?"

Hakuna aliyeligeuza.

Baada ya sala ya alfajiri nilichuma majani kumi, nikayageuza. Chini ya kila kipele palikuwa na kishimo, na ndani ya vishimo kadhaa mlikuwa na kitu bapa, cha rangi ya manjano, kidogo kuliko punje ya ufuta, kimejibana kama tone la nta. Nilipokigusa kwa ncha ya sindano, kilisogeza miguu. Niliyatia majani katika bahasha ya msikiti, na Jumamosi nikapanda gari kwenda Njombe, kilomita 60 hivi, kwa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa bwana shamba miaka mingi kabla hajastaafu.

Baba mdogo aliipokea bahasha lakini hakuifungua.

"Mti gani?"

"Mlimau, baba."

"Uvimbe uko juu ya jani au chini?"

"Juu. Chini kuna vishimo."

"Ndani ya vishimo umekuta nini?"

Nilipomweleza, ndipo alipofungua bahasha, akavaa miwani, akachukua kioo cha kukuzia. Hakumaliza hata dakika moja. "Huyu namjua tangu sijaoa," akasema. "Vaa koti, mwanangu, nikuonyeshe wenziwe."

Tukashuka bondeni kwenye vinyungu vyake. Njombe hata Januari huhitaji koti asubuhi. Njiani alisimama penye mvengi, kama wenyeji wanavyouita mti ule wa jamaa ya mzambarau unaopenda kuota kando ya maji, akavuta tawi. Majani yalikuwa na vipele vilevile, au ndivyo nilivyoona mimi. Nikasema kwa furaha kwamba ni mdudu wetu yuleyule. Akatikisa kichwa. Wa mvengi hashuki kwenda kwenye mlimau, akasema, na wa mlimau hapandi mvengi. Wadudu wa aina hii karibu wote wana mti wao mmoja, au miti michache ya ukoo mmoja, na kwingine hawaishi. Kwa hiyo swali la kwanza si mdudu gani. Swali la kwanza ni mti gani. Mtu asiyeujua mti atababaika na vipele mpaka jua litue.

Mbele kidogo palikuwa na msaula, ambao kwingine huitwa mbura. Vinundu vyake vilikuwa vya namna nyingine kabisa, vya mviringo na vigumu. Alikipasua kimoja kwa kisu cha mfukoni. Ndani mlikuwa na chumba kidogo, na chumbani buu jeupe lisilo na miguu, limejikunja. Akanieleza, huku akiendelea kukata na kunionyesha, jinsi ya kuwatenganisha wenye nyumba. Ukikuta kitoto chenye miguu sita na macho, kimekaa katika kishimo kilicho wazi chini ya jani, huyo ni wa jamaa ya vidukari, mfyonza utomvu. Buu lisilo na miguu ndani ya chumba kilichofungwa huwa ni mtoto wa nyigu mdogo au wa inzi mdogo, na yule wa inzi mara nyingi ana rangi ya machungwa. Pakiwa na manyoya mithili ya mahameli upande wa chini, huo ni utitiri, mdogo hata kwa kioo haonekani vizuri. Na unga wa rangi ya kutu ukibaki kidoleni, hapo hapana mdudu kabisa, ni kuvu. Tundu la mviringo kwenye kinundu humaanisha kuwa mwenye nyumba amekwisha hama. Au ameliwa, na aliyetoka ni mlaji wake.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba mdudu hajengi. Nilidhani analitoboa jani akajificha, kumbe jani lenyewe ndilo linalomjengea. Mama hutaga mayai kwenye jani changa lililo laini bado. Kitoto kikitoka hutulia mahali pamoja na kuanza kufyonza, na mate yake hulibadili jani namna ya kukua, hata sehemu ile ikabonyea chini na kutuna juu, kikapata kitanda na chakula pamoja. Jani lililokomaa halikubali tena kuvimba, ndiyo sababu vipele huja na mvua, miti inapochipua. Na jani lililokwisha vimba halirudi. Mdudu akishaota mbawa na kuruka, kishimo chake hubaki hadi jani lianguke. Mti waweza kuonekana umeoza kwa vipele ilhali walio hai juu yake ni wachache.

Hata wataalamu walibabaika katika jambo hili kwa karne nyingi. Nchini Italia, Francesco Redi, aliyekuwa amewathibitishia watu kuwa funza wa nyama hutokana na mayai ya inzi, alipofika kwenye vinundu vya mimea alisema ni mmea wenyewe unaozaa mdudu. Ni mwenzake wa nchi hiyohiyo, Marcello Malpighi, aliyevichunguza kwa hadubini na kuandika mwaka 1679 kwamba kila kinundu cha namna hii chanzo chake ni yai lililotagwa na mdudu. Kwa upande mwingine wapo waliosingiziwa. Katika mbuga za Kenya na kaskazini ya Tanzania kuna mgunga wenye miiba iliyovimba kama mipira, na sisimizi wakali ndani yake. Watu wengi huamini ni sisimizi wanaouvimbisha. La. Mgunga huo huota miiba hiyo wenyewe, hata pasipo sisimizi, nao ni wapangaji tu.

Tulipokaa kupumzika chini ya mkuyu, baba mdogo alichuma tini bichi akalipasua. Tini la mkuyu si tunda kama embe. Ni chumba kilichofungwa chenye maua ndani. Nyigu jike, mdogo kuliko sisimizi, hujipenyeza kwa kijitundu chembamba hata mbawa zikamkatika, akayachavusha maua na kutaga katika baadhi yake, na kila ua lililopata yai huvimba likawa kinundu cha kulelea mtoto. Wanaume wa nyigu hao huzaliwa bila mbawa, huwachimbia wanawake njia ya kutokea, nao hufa bila kuliona jua. Bila vinundu hivyo mkuyu usingepata mbegu. Mti ulioapiwa katika Sura ya At-Tin ni ndugu wa huu, na mimi nimeisoma sura hiyo katika sala mara zisizo idadi pasipo kuwahi kulipasua tini.

Baba mdogo hakusoma chuo cha dini, nikaona na mimi nina la kumpa. Nilimweleza kwamba Waarabu wanalo jina la kinundu, *afs*, na kwamba maarufu kuliko vyote ni kile cha mwaloni, kinachosababishwa na nyigu mdogo, ambacho kilisafirishwa kutoka Halab kwenda pande zote. Wakikiponda na kukiroweka, wakachanganya maji yake na zaji, yaani chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga, walipata wino unaoandika ukiwa hafifu kisha ukakolea kwa kupigwa na hewa. Mtawala wa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 11, al-Mu'izz ibn Badis, ananasibishwa na kitabu kizima cha ufundi wa waandishi, na wino wa *afs* umo. Misahafu mingi ya kale iliyoandikwa juu ya ngozi iliandikwa kwa wino wa aina hii. Mzee alicheka. "Kwa hiyo nyinyi makatibu mmekuwa mkiandikia vipele tangu zamani," akasema. Sikucheka sana.

Kuhusu mdudu wetu: wataalamu humwita Trioza erytreae. Akikua ana mbawa angavu, urefu wake milimita chache, na anapofyonza huinua makalio juu kama anayesujudu. Hupenda nyanda za juu zenye baridi na unyevu, ndiyo maana Pwani si adha kubwa. Ni mwenyeji wa Afrika. Aliishi kwenye miti ya porini iliyo ya ukoo mmoja na michungwa, kama mjavikali, tangu kabla milimau haijaletwa kutoka Asia. Yeye ndiye mwenye mji, mlimau ndio mgeni.

Hata hivyo si wa kupuuzwa, na wenye milimau na michungwa uani wasikilize hapa. Vipele vyenyewe haviui mti, lakini mdudu huyu aweza kubeba ugonjwa ambao hauna dawa: majani huwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili, na matunda hubaki madogo, yamepinda upande mmoja na ni machungu. Ukilipasua tunda kama hilo kwa urefu utaona kiini cha katikati kimepinda na mbegu zimesinyaa na kuwa nyeusi. Mti wa namna hiyo ndio wa kukatwa. Kama matunda ni mazima, inatosha kupunguza machipukizi yaliyovimba na kuyachoma moto. Si vyema kukimbilia kupulizia sumu, kwani yupo nyigu mdogo mno anayetaga juu ya vitoto hivi na kuviangamiza. Kisiwani Réunion waliletewa nyigu huyo kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1970, akamaliza kazi ambayo dawa zilishindwa.

Niliporudi Makambako nilipasua malimau sita ya mti wetu. Yote yalikuwa mazima. Kisha nikapita mtaani, na katika nyumba tano zenye milimau, nne zilikuwa na vipele vilevile, mojawapo ikiwa ya yule mjumbe aliyeshauri bibi asali kwake. Mtoto wa mhudumu alikuwa amekwisha pelekwa zahanati. Ni tetekuwanga. Watoto saba wa madrasa walikuwa nayo.

Kikao kilichofuata niliomba ruhusa nikagawa majani, na kioo cha baba mdogo kikapita mkono kwa mkono. Wazee walitazama kwa makini kuliko nilivyotarajia. Lakini mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, aliporudisha kioo alisema: "Sawa, katibu, mdudu tumemwona. Nani kamtuma?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinikausha koo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mdudu hufanyaje, na mzee alikuwa anauliza jambo jingine kabisa. Imamu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. Alikumbusha siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume alikuwa na majonzi ya mzazi, na usemi ule ulikuwa wa kumtukuza yeye na mwanawe. Akaukataa papo hapo, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Imamu akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kama jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, yeye haoni kwa nini mlimau uvimbe kwa ajili ya ugomvi wa bomba. Mzee alikubali kwa kichwa. Sijui kama aliridhika. Nikaandika marekebisho: kwamba uchunguzi umeonyesha hali ya mti inatokana na wadudu, mti usikatwe, na jirani hahusiki kwa lolote.

Siku ya pili nilibisha hodi kwa bibi na kitabu kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Nikamweleza kila kitu, na sehemu yangu sikuificha. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso. "Habari ya mkutano wenu ilinifika kabla hamjafunga dua," akasema. Nikakumbuka kuwa sikuwa nimemwona upande wa wanawake kwa Ijumaa tatu, na sikuwa nimejiuliza. "Na vipele hivyo," akaendelea, "vilikuwapo tangu marehemu yu hai. Akisema mti wetu unaota chunusi kama kijana anayebaleghe. Kila mvua. Nyinyi mlikuwa mnachuma tu, hamtazami."

Akaniomba nimsomee. Nikasoma aya ya kwanza, kisha marekebisho. Alisikiliza, akaniomba nisome tena. Halafu akauliza: "Pale pa ubaya hukuniandika jina. Nimeelewa, uliona haya. Na hapa pa kunisafisha, mbona pia hukuniandika?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi na ombi lake katika kikao cha tatu, na sasa jina lake kamili limo kitabuni, pamoja na la baba yake, mwandiko si mzuri kama ule wa kwanza. Gazetini aliniomba nisilitie. Kitabu ndicho kilichomkosea, alisema, si gazeti.

Tumeupunguza mti matawi na kuyachoma machipukizi yaliyovimba, bibi akiwa ameketi kwenye kigoda akituelekeza wapi pa kukata. Ijumaa huja, na hukaa karibu na mlango. Mke wa mhudumu bado hampi salamu.